Upande wa Dereva

Satwa, Dubai
9 Februari 2014

Dada Fairuz,

Assalaam alaykum. Barua hii utaikuta ndani ya bahasha ya karatasi za gari, ile anayotumiwa Shemeji Hashir kila meli inapoondoka Jebel Ali. Nimeandika jina lako juu yake kwa wino mwekundu ili asidhani ni risiti. Simu kwangu ni taabu. Chumbani kwetu Karama tuko wanane, na kila ninalokuambia lina wasikilizaji saba. Kupigiana kwa intaneti nako huku kumefungwa. Basi nitaandika, kama tulivyokuwa tukimwandikia Baba alipokuwa Jidda.

Kazi nimeanza, na mumeo namshukuru kwa kunitafutia. Gereji iko Satwa, nyuma ya maduka ya mafundi cherehani. Arbab wetu, ndivyo huku wanavyomwita tajiri, anaitwa Muhanna, si mtu wa maneno mengi. Pasi yangu ya kusafiria ameifungia kabatini kwake pamoja na za wenzangu.

Mwanzo sikuelewa kwa nini gari litoke Marekani, lizunguke mpaka Ghuba, ndipo lije kwenu Ulaya. Nikaambiwa yananunuliwa mnadani yakiwa yamegongwa, na mikono ya kuyanyoosha huku ni rahisi kuliko ya huko. Wapakistani wananyoosha bodi na kupiga rangi. Mimi ni umeme. Gari la Kimarekani likikata kona, taa yake ya nyuma inapepesa nyekundu, na kwenu sheria inataka rangi ya chungwa. Wao wanahesabu maili, nyinyi kilomita. Nabadilisha hayo, na mengine madogo madogo ya ndani ya dashibodi. Likitoka hapa, wallahi, hungejua kwamba liliwahi kuguswa.

Majibu yako yapitishe kwa Ignatius, Mganda tunayelala naye chumba kimoja. Ni mlinzi katika hoteli moja Al Rigga, na hoteli ina sanduku la posta. Anwani nimeiandika nyuma ya karatasi.

Mama ukizungumza naye, usimwambie kwamba tuko wanane.

Nduguyo,
Mahfudh


Rotterdam
2 Machi 2014

Mdogo wangu Mahfudh,

Wa alaykum salaam. Barua yako Hashir aliniletea ikiwa imefunguka. Alisema ilichanika ndani ya bahasha. Nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwa nimejifungia bafuni kwa sababu watoto walitaka kuichorea.

Magari yenu yanapendwa huku, tena na watu wenye vijumba vidogo na barabara nyembamba. Hizo pikapu sijui wanaziegesha wapi. Siku hizi matangazo naandika mimi, maana Kiholanzi changu kimekuwa kizuri kuliko cha Hashir. Kila tangazo namalizia na neno lao la "salama". Hashir anasema neno hilo peke yake linauza.

Aliyenifundisha Kiholanzi ni Bi Hanneke, mwalimu mstaafu anayejitolea pale maktaba ya mtaani. Huyu ni mtu wangu, Mahfudh. Nilipojifungua Salma na Hashir yuko safarini, yeye ndiye aliyelala hospitali. Ana mtoto mmoja, Ruben, mwanamume wa miaka thelathini na moja. Miguu yake haikufanya kazi tangu kuzaliwa, anatembelea kiti cha magurudumu. Anachora ramani za reli na anawafundisha wanangu sataranji, na akishindwa na Salma hukasirika kwelikweli.

Sasa wanataka gari, na gari lao la zamani kila safari lazima kiti kikunjwe. Nimewaonyesha picha ya yale magari ya Kimarekani ya familia, yenye milango ya kusukuma pembeni. Sakafu iko chini na kiti chake kitaingia nyuma bila kukunjwa. Bi Hanneke amependa mno. Nimemwambia fundi ni ndugu yangu wa tumbo moja.

Basi mchagulie wewe mwenyewe, lililo zuri, ulitengeneze kwa mkono wako.

Dadako,
Fairuz


Satwa
21 Machi 2014

Dada Fairuz,

Salamu nyingi. Sisi tuko salama. Joto halijaanza lakini linapiga hodi. Ijumaa Ignatius alipika ndizi na karanga, akatulisha chumba kizima, Mhindi mmoja wa Kerala akala sahani mbili.

Kuhusu gari la Bi Hanneke. Mshauri atafute gari la huko huko, hata dogo, hata la zamani. Haya yetu yanakunywa petroli. Spea zake ni shida. Hata kutu yanashika upesi. Ni magari ya watu wanaotaka kuonekana, si ya mama na mgonjwa.

Najua umeshamwahidi. Mwambie ndugu yangu amekataa, mlaumu mimi. Siwezi kueleza zaidi ya hapo kwenye barua. Asinunue kwetu, dada.

Mahfudh


Rotterdam
6 Aprili 2014

Mahfudh,

Barua yako kwa dadako niliifungua mimi na haikumfikia. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu sitaki maneno haya yabaki kwenye simu ya mtu.

Mimi ndiye niliyesema na Muhanna ukapata viza, na ninaweza kusema naye tena. Una mama anayekutegemea. Una dada anayekaa katika nyumba inayolipiwa na magari hayo hayo. Ukitaka kuwa mwema, fikiria kwanza wema wako utamtupa nani nje ya nyumba.

Mwalimu ameshalipa. Gari lake litengeneze kama mengine. Taa ya dashibodi ikizima, ukaguzi wa huku unapita, hakuna anayepasua usukani kutazama ndani. Na huku si Mombasa. Watu wanaendesha kwa adabu, hawagongani. Mwaka wa nne huu nauza, sijasikia mtu hata kuchubuka.

Meli inaondoka katikati ya Aprili. Usiandike tena mambo ya kazi kwa mke wangu.

Shemeji yako,
Hashir


Rotterdam
30 Mei 2014

Mdogo wangu,

Hukunijibu habari ya gari, nikadhani umenikasirikia. Sasa naona gari lenyewe ndilo jibu.

Limefika, Mahfudh. La kijivu, linang'aa. Nilikwenda na Hashir kuwakabidhi funguo. Bi Hanneke alilizunguka mara mbili huku ameshika mdomo. Ruben alifungua mlango ule wa pembeni, akaufunga, akaufungua tena, akaniuliza jina la ndugu yangu linatamkwaje. Nikamfundisha. Hiyo herufi ya mwisho imemshinda, anasema "Mahfut".

Niliwaambia kila waya umepita mkononi mwako. Jumamosi walikwenda baharini, safari ya kwanza bila kumwomba jirani awasaidie. Walituletea keki ya tufaha. Nimekuwekea picha, huyo mwenye miwani anayecheka ndiye Ruben.

Umenyamaza miezi mitatu. Niandikie hata mstari mmoja. Hashir anasema kazi zimewazidi.

Fairuz


Rotterdam
16 Novemba 2014

Mahfudh,

Ruben amefariki. Alhamisi iliyopita.

Walikuwa wanarudi kutoka kwa daktari wa meno. Mvua inanyesha. Lori la mbele lilisimama ghafla na Bi Hanneke alilivaa kwa nyuma. Hakuwa na mwendo. Polisi wamesema hivyo, mwenye lori pia amesema hivyo. Ni ajali ya kuvunja taa na bampa.

Bi Hanneke ana michubuko mikononi na kidevu kimeungua kidogo kwa ule unga unaotoka mfuko wa hewa unapofunguka. Basi. Alitembea kwa miguu yake kuzunguka gari. Wake ulifunguka kutoka kwenye usukani ukampokea. Ruben alikuwa kiti cha mbele, kando yake. Hakupenda kukaa nyuma, akisema nyuma anajiona mzigo. Kiti chake cha magurudumu kilikaa nyuma na yeye alijihamisha mbele kwa mikono, alikuwa na mikono ya nguvu. Upande wake hakuna kilichofunguka. Alivaa mkanda, na kichwa kikaifikia dashibodi.

Nimekaa na Bi Hanneke siku tatu. Halii. Jana usiku alinishika kidole gumba, akanisemesha polepole, kama anavyotusemesha sisi wageni tunapoanza darasa. "Fairuz, kwa nini wangu ulifunguka na wake haukufunguka? Muulize ndugu yako. Yeye ni fundi."

Nakuuliza.

Fairuz


Satwa
1 Desemba 2014

Dada Fairuz,

Nimepokea habari za msiba kwa huzuni. Tunasikitika na tunamwombea marehemu.

Kuhusu swali lako, mifuko ya hewa hufunguka kutegemea pembe ya mgongano na uzito wa aliyekaa. Si ajabu mmoja kufunguka na mwingine usifunguke. Gari lilikaguliwa huko kwenu na likapita. Ni kudura ya Mwenyezi Mungu na hakuna anayeweza kuizuia.

Mpe pole Bi Hanneke.

Mahfudh


Rotterdam
22 Desemba 2014

Mahfudh,

Barua yako ya mwisho ilikuja katika bahasha ya Hashir, na maneno yake ni ya Hashir. Tangu ujue kushika kalamu hujawahi kuniandikia "tunasikitika".

Sasa nisikilize. Fundi wa serikali amelifungua lile gari. Kwenye usukani alikuta mfuko wa kweli, lakini namba yake ni ya gari jingine. Upande wa Ruben, alipokiondoa kifuniko, alikuta kipande cha zulia kilichokunjwa. Zulia, Mahfudh. Nyuma ya dashibodi palikuwa na kidude kidogo kimechomelewa kwenye waya, kazi yake kuidanganya taa ya hatari isiwake.

Hashir amewaambia polisi alilinunua hivyo na hajui lolote. Nyumbani hasemi. Jumanne alipotoka nilitafuta kwenye droo yake ya karatasi za forodha, nikaikuta barua yako ya Machi. Niliisoma nimesimama. "Asinunue kwetu, dada." Imekaa mle miezi tisa.

Kwa hiyo ulijua. Na wewe una kalamu, una Ignatius, una posta. Ulipoona sijibu ungeandika nyingine.

Usitumie bahasha ya magari tena. Niandikie kwa anwani ya maktaba, nimeiweka hapa chini. Sitaki unitajie kudura. Niambie ulifanya nini kwa mikono yako.

Fairuz


Karama
9 Januari 2015

Dada,

Nitakuambia.

Gari likigongwa Marekani mifuko yake inafunguka, na ikishafunguka haifai tena. Mipya ni ghali kuliko bodi lote. Kwa hiyo gereji yetu haitii. Tunajaza kitu chochote laini, tunafunga kifuniko, kinapigwa msasa na rangi. Halafu zinabaki taa. Gari lina taa ndogo ya kukuambia kwamba mifuko haipo, na huwezi kuuza gari taa hiyo inawaka. Hapo ndipo nilipoajiriwa. Yale "madogo madogo ya dashibodi" niliyokuandikia siku ya kwanza ndiyo hayo. Niliyaandika kwa haraka ili usiulize.

Barua yako ya Machi ilipofika, sikulala vizuri. Nikaandika ile ya kukukataza. Hashir akanijibu kwamba hukuipata. Unasema ningeandika nyingine kwa posta. Ni kweli. Stempu nilinunua, ilikaa kwenye pochi yangu mpaka ikashikana na ngozi. Nilimwogopa mumeo, nikamwogopa Muhanna, na juu ya yote niliogopa wewe ujue kazi niliyokuja kufanya.

Nilifanya jambo moja. Nilimwendea Muhanna, nikamwomba mifuko miwili ya kweli kwa gari hilo tu. Nikamwambia ni la mwalimu wa dadangu. Alikuwa anakula. Akanitazama, akasema, "Na yale mengine ni ya walimu wa nani?"

Nikatoka.

Ijumaa nikamchukua Ignatius tukapanda basi hadi Sharjah, kwenye viwanja vya magari mabovu. Tulizunguka tangu baada ya sala mpaka jua linashuka. Gari la aina ile tulilipata moja tu ambalo nyuma ndiko lilikoumia, na mbele kila kitu kizima. Mfuko wa usukani ulikuwepo. Wa abiria muuzaji alikuwa ameshauuza asubuhi ile. Akaniambia nirudi wiki ijayo, gari jingine linakuja. Meli ilikuwa inaondoka Jumanne.

Nikafunga ule wa usukani. Ule wa abiria nikaukunjia zulia. Nilijiambia mama ndiye dereva, mama yuko salama. Na wewe uliniandikia kiti chake kitaingia nyuma. Mimi nikaelewa kwamba yeye mwenyewe atakuwa amekikalia humo nyuma. Sikulaumu, dada. Nakueleza jinsi nilivyojituliza.

Lakini kuna jambo hujaniuliza na lazima ulijue. Mfuko mmoja ulikuwa haupo, kwa hiyo taa iliwaka. Ningeiacha. Muhanna hakuwa karibu. Bi Hanneke angeiona asubuhi ya kwanza, angekuuliza, ungemuuliza Hashir, gari lingerudi. Mimi nikakaa kwenye kiti kile kile ambacho Ruben alikuja kukikalia, nikainama chini ya dashibodi, nikachomelea kile kidude. Taa ikazima. Haikuchukua dakika kumi. Nikaenda kunywa chai.

Barua ya Desemba Hashir alinisomea kwenye simu, nami nikaandika. Alisema tukishikana wote tutaokoka wote.

Magari niliyoyafanyia hivi ni thelathini na moja tangu nianze. Nyuma ya ukurasa huu nimeandika ninayoyakumbuka, rangi, aina na mwezi. Wewe ndiye uliyeandika matangazo, huenda ukawakumbuka wanunuzi. Watu hao wamo barabarani sasa hivi.

Barua hii ifanyie utakavyo. Mpe Bi Hanneke, wape polisi. Usinifikirie mimi.

Mahfudh


Rotterdam
3 Februari 2015

Mahfudh,

Barua yako nilikaa nayo siku mbili. Siku ya tatu nilikwenda kwa Bi Hanneke. Nilimwambia ndugu yangu amejibu, na jibu ni refu. Akavuta kiti akaniambia nimsomee yote, nisiruke.

Nikawa nasoma Kiswahili kimoyomoyo na kutoa Kiholanzi kwa sauti. Nilipofika kwenye kukunja zulia nilikosea kitenzi. Akanisahihisha, kwa sauti ile ile ya maktaba, kisha akasema, "Endelea." Nilimsomea mpaka ile chai yako. Alinyanyuka akaosha vikombe ambavyo vilikuwa safi. Akaniomba karatasi nimwachie. Hajui Kiswahili hata neno. Nilimwachia, kesho yake tukaenda nayo polisi pamoja.

Hashir wamemchukua Jumatano. Hakupiga kelele wala hakunitukana. Alivaa koti, akaniuliza kama watoto wamekula, akatoka na askari. Mama yake amenipigia simu kutoka Mombasa kuniambia nimeiuza nyumba yangu. Huenda ni kweli. Nyumba ni ya kupanga na kodi imelipwa mpaka Machi.

Mimi pia nimo. Nimeyatoa matangazo yangu yote nikayasoma moja moja, na kila moja linaishia na "salama". Hashir hakunishika mkono kuniandikisha.

Katika orodha yako nimewapata kumi na saba. Wengine nawapigia, wengine naenda mlangoni. Mzee mmoja hakuniamini, akanifungia. Nikakaa kwenye ngazi yake mpaka akatoka na bisibisi, tukakifungua kifuniko pamoja. Ilikuwa sponji ya kiti. Alikaa chini kwenye lami.

Polisi wanasema watawaandikia wa huko. Muhanna atajua. Ondoka pale kama unaweza.

Fairuz


Al Rigga, Dubai
20 Februari 2015

Dada Fairuz,

Mimi ni Ignatius, yule tunakaa na Mahfudh. Unisamehe Kiswahili changu, sisi Uganda hatukukisoma sana.

Mahfudh alishikwa Jumatatu kazini. Barua yako alikuwa ameshaisoma. Nilimwambia asiende kazi, tutafute njia. Akasema pasi iko kwa arbab, atakwenda wapi. Arbab amesema Mahfudh alikuwa anaiba vitu vya kweli na kuweka matambara, yeye hajui chochote. Wapakistani wote wamesema hawajui. Sasa wamefunga ile gereji siku nne, halafu wamefungua tena, kibao kina jina lingine.

Nilimpelekea nguo na dawa ya meno kituo cha polisi. Walipokea lakini sikumwona. Mtu wa pale ameniambia huenda watamrudisha Kenya tu, kwa sababu kesi ya huko kwenu ni ya huko.

Kuna kitu nataka wewe ujue. Ule mfuko wa Sharjah nilibeba mimi kwenye basi, nimeuweka miguuni kwangu. Nilimuuliza Mahfudh, huu mmoja unatosha? Akatazama nje dirishani. Mimi sikuuliza tena. Ningeuliza tena.

Namwombea yule kijana na mama yake.

Ignatius


Rotterdam
12 Aprili 2015

Mdogo wangu Mahfudh,

Mama ameniambia umefika Mombasa wiki iliyopita na begi moja, na kwamba husemi. Amenisihi nisikuulize kitu, kwa hiyo siulizi. Hajui zaidi ya kwamba kazi iliisha.

Sisi tumehamia vyumba viwili, juu ya duka la mkate. Nafanya usafi shuleni asubuhi. Kesi ya Hashir itasikilizwa mwezi wa tisa, na watoto nawapeleka kumwona kila wiki mbili. Salma alimuuliza mbele ya askari kama ni kweli. Akamwambia mambo ya wakubwa. Akamuuliza tena, naye akasema ni kweli.

Tangu siku ile ya polisi Bi Hanneke alikuwa hanisemeshi. Maktaba alibadilisha siku. Nikimwona sokoni navuka upande wa pili ili asitaabike kuvuka yeye. Juzi alikuja. Alipanda ngazi zote zile na barua yako mkononi, ile ya Januari, polisi walimpa nakala yenye tafsiri. Hakukaa wala hakuvua koti. Alisema ana neno moja kwako, na akanitaka niliandike mbele yake, kisha nimsomee tena kwa Kiholanzi ili ahakikishe sikulilainisha.

Ameniambia nikuandikie hivi: "Ulipokuwa na mmoja tu, ungeuweka upande wake."

Nilimwambia hukujua kwamba anakaa mbele. Akasema anajua, ameisoma. Akasema tena vile vile. Kisha akashuka.

Sikuongeza neno wala sikupunguza.

Fairuz


Kibokoni, Mombasa
2 Mei 2015

Dada Fairuz,

Barua yako imenifikia Jumatatu, na leo ni Jumamosi. Siku zote hizo nilikuwa namjibu Bi Hanneke kichwani.

Jibu la kwanza lilikuwa jepesi. Mfuko wa usukani hauingii upande wa abiria, umbo lake ni jingine na waya zake ni nyingine. Hata ningetaka, nisingeweza. Niliandika hivyo kwenye karatasi nzima nikachora na picha. Kisha nikaichana. Ni kweli tupu, lakini ni jibu la fundi, na yule mama hakuwa anamuuliza fundi. Alikuwa ananiambia ni nani angetaka abaki.

Basi mwambie nimesikia. Usimwambie naomba radhi. Nikimwomba nitakuwa nimempa kazi nyingine ya kufanya.

Mama ananipikia kama mgonjwa. Jana nilimweleza yote, tangu ile taa. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jina la marehemu, akaingia ndani kusali. Leo asubuhi amenisemesha, lakini si kama zamani. Jirani yetu Hafiz ameniletea gari lake nitazame umeme. Nimelitengeneza indiketa, dashibodi nikamwambia apeleke kwa mwingine. Amedhani sijui.

Sasa lililonifanya niandike leo na nisingoje zaidi. Nimekumbuka gari ambalo halimo kwenye orodha. Ni pikapu nyeupe ya milango minne, ilitoka kwetu kabla ya Ramadhani ya mwaka jana, meli moja na ile nyeusi ya Juni ambayo umeshaipata. Kiti cha nyuma kilikuwa na alama ya kiti cha mtoto mchanga iliyozama kwenye kitambaa. Niliambiwa niisafishe, nikasugua, haikutoka yote. Nilimsikia Muhanna akimwambia Hashir kwenye simu kwamba haidhuru, mnunuzi mwenyewe ana mtoto, atafunga kiti chake pale pale.

Hilo halina mfuko hata mmoja, si mbele wala pembeni. Taa nilizizima zote.

Waliobaki waache kwanza. Mtafute huyu.

Nduguyo,
Mahfudh